Baraza la mji limepitisha tuhame, na kachori za kikao hicho nilizikaanga mie

BiMkungu (Jumamosi, saa 4:12 usiku)

Asalamu alaykum.

Nina suala langu, naomba anijibu mwenye kujua, si mwenye kubahatisha.

Mie nakaanga kachori na bajia chini ya mti wa mkungu, mkabala na pale zinaposimama gari za shamba, zile za abiria wa vijijini. Mwaka wa 11 huu. Niko Pemba, mji siutaji, maana kisiwa chetu mtu akikohoa Konde, Kengeja wanamuuliza umepoa? Waliowahi kula kachori zangu watanijua, na hao nawaomba wanyamaze.

Jumatano moja ya mwezi uliopita alinijia kijana wa ofisi ya baraza la mji, kijana mwenye adabu zake, akaniagiza kachori 60 na sambusa 40. "Za kikao cha madiwani, Bi. Saa nne ziwe zishafika." Oda kama hiyo haikulazi. Saa tisa za usiku nishawasha seredani. Mbatata nazichemsha na maganda yake zisinywe maji, halafu nazimenya zingali moto mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi. Ukingoja zipoe, hazipondeki zikalainika, na kachori itakupasukia kwenye karai. Ndimu sikuionea choyo, maana madiwani nao ni wateja.

Mlangoni nikamkuta karani kakaa na karatasi yake. Kaniambia tia saini hapa, kila anayeingia anatia. Nikatia. Nikaingia kwa kunyata na masinia yangu mawili, nikayaweka meza ya nyuma, nikaanza kupanga visahani. Mwenyekiti alikuwa anasoma: ajenda namba sita, kuwahamishia soko jipya wafanyabiashara walioko pembezoni mwa barabara. Wallahi nilidhani wanasemwa watu wengine. Nilidhani wale wa mitumba. Akauliza wanaoafiki, wakaitikia. Haikufika muda wa kuiva bajia moja. Wakaingia ajenda namba saba, ya mbuzi wanaozurura mjini, na hiyo ndiyo waliyogombana kweli.

Siku ya tatu yake ikapita gari yenye kipaza sauti. Siku 14, wote tuwe tumehamia soko jipya. Atakayebaki, vyombo vyake vitachukuliwa. Na ada ya siku, ambayo ilikuwa 500, sasa ni 1,000. Gari ile ilisimama mbele ya karai langu hasa. Dereva akanunua bajia za 600, wakaendelea.

Sasa mie sikatai soko. Nimekwenda kuliangalia, ni zuri, lina bati jipya na vizimba vya saruji, na mfereji upo ingawa siku niliyokwenda ulikuwa hautoi kitu. Lakini liko kule ng'ambo ya bonde, na gari za shamba hazifiki. Mtu anayetoka Kiuyu na pakacha lake la ndizi, kashuka gari, ana njaa, ana dakika 20 kabla hajarudi. Bodaboda mpaka kule ni 1,000. Nani atalipa 1,000 akale kachori mbili za 400?

Nimejaribu. Nimehamia kule siku tatu, nikamwachia binti yangu mkungu. Siku njema mie pale chini huuza 40,000, nikitoa mbatata, unga wa dengu, mafuta na makaa nabaki na 11,000 au 12,000. Kule siku ya kwanza nimeuza 9,000. Ya pili 6,500. Ya tatu mvua ikanyesha, nikala mwenyewe na mlinzi.

Suala langu: hivi baraza linaweza kupitisha hivyo bila kutuita sisi wenyewe? Na ule mukhtasari wa kikao, mtu kama mie anaweza kuuona? Nataka nijue imeandikwa nini kuhusu sisi. Na hiyo ada, ni halali kupanda kwa kipaza sauti?

---

Kisiki_Hai (Jumamosi, saa 4:40 usiku)

Hamia tu mama. Mji unataka kupendeza.

---

JiraniWaKituo (Jumamosi, saa 5:03 usiku)

Bi, mie nakujua wala sisemi. Lakini na sisi wenye kupita hapo tusikilizwe. Mama yangu kapita miaka 70, anatembea kwa fimbo. Akitoka kuchukua pensheni jamii yake inambidi ashuke barabarani kwenye gari, kwa sababu pa kupita miguu pote pana meza, ndoo, viti vya plastiki na masufuria. Mwezi wa nne keshasukumwa na kigurudumu cha pikipiki. Na ule mtaro wa mbele yenu, mvua za masika zilipokuja maji yaliingia mpaka kwetu ukumbini. Vijana walipoufukua walitoa nini? Maganda ya mbatata.

Baraza limekosea kutowaita, hilo nakubali. Ila msijifanye nyinyi hamna hatia.

---

KaraniMstaafu (Jumapili, saa 12:50 asubuhi)

Waalaykum salaam Bi Mkungu. Nimekaa na madaftari ya baraza miaka mingi, si la mji wako, la jirani. Nimeanza kuandika mukhtasari kwa taipureta na karatasi ya kaboni, nakala nne, ya nne haisomeki. Kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo, nimeamka na swala ya alfajiri na usingizi umeshanipotea.

Kwanza ujue unasema na nani. Mabaraza ya miji kwetu yanaendeshwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2014. Kabla yake palikuwa na sheria mbili za 1995, namba 3 ya Manispaa na namba 4 ya halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji, na sisi wa Pemba tulikuwa chini ya hiyo namba 4. Madiwani wengi ni wa kuchaguliwa, kila mmoja na wadi yake, na wapo wa kuteuliwa. Mwenyekiti wanamchagua wao kwa wao. Mkurugenzi ni mtendaji, na ndiye katibu wa kikao. Mukhtasari ukikosewa, wa kuulizwa ni yeye, si yule kijana wa mlangoni.

Sasa jambo kama lako halizaliwi kwenye kikao kile ulichopeleka kachori. Linazaliwa kwenye kamati. Kamati ndipo watu wanapobishana, wanapoleta ramani na hesabu, wanapoulizana gari zitasimama wapi. Likifika baraza kamili linakuwa limeshapikwa, linapakuliwa tu. Ndiyo maana uliona limepita kabla bajia haijaiva. Mbuzi walikuwa hawajapita kamati, wakagombaniwa hadharani. Nimeliona hilo mara nyingi: jambo kubwa linapita kimya, la mbuzi linavunja viti. Mwaka 2017, ugatuzi ulipokuja na mabaraza yakapewa skuli za msingi na afya ya msingi na kilimo, tulikuwa na kikao kimoja chenye ajenda 19. Nakumbuka iliyokula saa nzima. Ilikuwa ya nani akae na ufunguo wa stoo.

Kwa hiyo Bi, usitafute mukhtasari wa kikao peke yake. Tafuta na ripoti ya kamati iliyoletwa siku ile.

Suala lako la kuhamishwa. Hilo ni azimio. Baraza lina mamlaka ya kupanga masoko na biashara katika mji wake, na siwezi kukudanganya kwamba azimio lile ni bure. Lakini azimio linaweza kurudishwa kikaoni na likabadilishwa, tena kwa njia rahisi kuliko mnavyodhani: diwani wa wadi yenu analeta hoja. Vikao vya kawaida ni kila miezi mitatu, ila kikao maalumu kinaweza kuitwa, na kamati hukutana katikati. Diwani hawezi kuleta hoja ya hewa. Mwandikieni barua, mtie majina na saini, nakala kwa Mkurugenzi, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kuandikwa, niamini mie niliyekuwa naugonga.

Ada ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Ada haipandi kwa azimio wala kwa kipaza sauti. Ada inakaa kwenye sheria ndogo, na sheria ndogo ikishapitishwa na baraza inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aikubali, halafu inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Muulize anayekukusanyia: sheria ndogo ipi, ya lini? Usimgombeze, yeye katumwa. Na niambie, risiti anayokupa imeandikwa ngapi?

---

BiMkungu (Jumapili, saa 3:15 usiku)

Shikamoo Mzee Karani. Nimesoma maneno yako mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea shoga yangu wa maandazi.

Risiti. Nilikuwa sijaiangalia mpaka uliponiuliza. Nimezitoa kwenye kijaluba nikazipanga mezani. Zimeandikwa 500. Anachana mbili. Kila siku, tangu gari ile ilipopita, ananichania tiketi mbili za 500, namba zinafuatana, na mie nilidhani kitabu cha 1,000 hakijaja tu kutoka kiwandani.

JiraniWaKituo, la mama yako limenikaa. Meza yangu mie ipo ndani ya kivuli cha mkungu, haifiki pa kupita, ila kiti cha wateja kinafika na sitabisha. Na maganda ni yangu. Si yote, lakini ni yangu. Kuanzia leo nayatia gunia, jirani yangu mmoja ana mbuzi (ambao nadhani ndio wa ajenda namba saba). Mpe mama salamu. Akipita apumzike, kiti ni hicho hicho.

---

MwanaNgambo (Jumatatu, saa 7:20 mchana)

Mie niko Unguja, viatu vya mitumba. Nyinyi mna baraza moja, sisi huku mjini manispaa ni tatu, Mjini, Magharibi A na Magharibi B, mtu anavuka barabara kashabadilisha anayemlipa.

Nimehamishwa mara mbili maishani. Nilikuwa Darajani, kwenye vurugu la gari na watu nje ya soko kuu, lile la 1904. Pale ulikuwa huiti mteja, mteja anakukanyaga. Tulipohamishwa tukaenda kukaa vichochoroni tukiangaliana sura. Tukalaumu soko, tukalaumu bati, tukasema limejengwa na mtu asiyewahi kuuza hata kiberiti. Halafu stendi nayo ikahamishwa, gari zikapelekwa Kijangwani, na waliokuwa wamejibana jirani na Kijangwani wakaamka matajiri bila kufanya lolote. Viatu vile vile, bei ile ile.

Hapo nikajua biashara ndogo haina mahali pake. Ina gari yake. Gari ikisimama, mtu anashuka, anataka maji, kachori, vocha, kiatu kikimkatikia. Kwa hiyo Bi, barua yenu msiandike "hatutaki kuhama". Hiyo wataiweka chini ya kikombe. Waulizeni: gari za shamba zitasimama wapi, na lini? Kama zinahamia kule, hameni kabla yao mkachague vizimba vya mlangoni. Kama hazihamii, basi hata mkipelekwa kwa bunduki mtarudi mkunguni mmoja mmoja, na baraza litakuwa na soko la kuanikia karafuu.

Kuhusu zile tiketi mbili sisemi kitu. Nimecheka peke yangu, wateja wamenitazama.

---

KaraniMstaafu (Jumatatu, saa 10:05 jioni)

MwanaNgambo kasema kweli tupu, na alilolisema ndilo hasa linalokaa kwenye kamati na halifiki kikaoni. Soko na kituo cha gari ni uamuzi mmoja. Ukiugawa nusu mbili, kila nusu inakufa.

Bi, tiketi hizo usizitupe hata moja. Risiti ya 500 ni ushahidi kwamba ada iliyopo ni 500. Anapochana mbili anakutoza siku mbili kwa siku moja. Sisemi kijana ni mwizi. Inawezekana kaambiwa tu "kusanya elfu" na hakupewa kitabu. Kwa hiyo usimuendee yeye, nenda dirisha la mapato, uliza kwa upole: siku fulani hesabu yangu inaonesha nimelipa siku mbili, je, kesho nisilipe? Nyamaza hapo. Ukimya wako utafanya kazi.

Ukipeleka barua utaambiwa mukhtasari haujathibitishwa. Ni kweli, mukhtasari unathibitishwa kikao kinachofuata. Usiondoke. Omba nakala ya azimio, hilo halingoji kuthibitishwa, maana wameshaanza kulitekeleza kwa kipaza sauti. Na kama mtakwama kabisa, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wapo mpaka kwenye shehia, hawatozi.

---

Kisiki_Hai (Jumatatu, saa 2:30 usiku)

Kachori 60 na sambusa 40 walikulipa lakini?

---

BiMkungu (Jumatatu, saa 2:41 usiku)

Bado.

---

BiMkungu (Ijumaa, saa 3:50 usiku)

Nimerudi. Kaeni vizuri.

Barua tumeiandika. Kaiandika mwalimu wa skuli ambaye hula bajia kwangu kwa mkopo, kwa hiyo deni lake la mwezi limekwisha. Tumetia saini watu 23, mpaka wale wa mitumba. Hatukusema hatutaki. Tumeuliza gari zitasimama wapi, tumeuliza maji ya soko yatatoka lini, tumeomba siku 14 zisimame mpaka tujibiwe. Na tumeongeza, hili nimelileta mie kwa ajili ya mama yake jirani, kwamba tunarudi nyuma hatua mbili tukaache pa kupita miguu, na mtaro tutausafisha wenyewe kila Ijumaa. Wawili walinuna, wakatia saini wamenuna.

Diwani nimemkuta kwake, anapeta karafuu uani, kanzu kaikunja mpaka magotini. Kaisoma barua kasimama. Kaniuliza, hivi na wewe umo? Nikamwambia nimo, mbona karai langu unaliona kila siku. Akasema kwenye kikao waliambiwa kwamba wenyewe mmeshaitwa na mmekubali. Nikamuuliza tumeitwa lini. Akanyamaza, akarudi kwenye ungo wake, akapeta mara mbili tatu, kisha ndiyo akasema nipe hiyo kalamu. Kasaini kupokea. Kwa hakika simlaumu sana, alionekana kama mtu aliyegundua kiatu alichovaa si chake.

Ofisini Jumatano. Muhuri nimepata baada ya kuambiwa mwenye muhuri yuko msibani, na mie nikakaa kwenye benchi nikasema nitamngoja. Baada ya nusu saa muhuri ukaonekana ulikuwa kwenye mtoto wa meza. Dirisha la mapato nimefanya kama ulivyonifunza, Mzee. Nikapanga tiketi zangu, nikauliza, nikanyamaza. Yule mama wa ndani akazitazama, akaita mwenzake, mwenzake akaita mwengine. Hakuna aliyenijibu pale. Lakini jana na leo kijana kachana tiketi moja. Hakusema kitu na mie sikusema. Kanunua na kachori.

Sasa mukhtasari.

Nikaambiwa haujathibitishwa, nikaomba azimio. Karani, yule yule wa mlangoni, kijana mwema jamani, kanitolea faili lote akaniambia soma hapa hapa usiondoke nalo. Azimio ni mistari minne. Mstari wa tatu umesema hivi, nimeunakili nyuma ya bahasha: "Wafanyabiashara husika wameshirikishwa." Nikamuuliza kushirikishwa huku kuko wapi, mbona sioni barua wala kikao chetu. Akafunua nyuma, kwenye karatasi ya mahudhurio. Madiwani, majina na saini. Watendaji, majina na saini. Chini kabisa pana safu imeandikwa WANANCHI.

Pana jina moja. Langu. Na saini yangu, yenye alama ya mafuta.

Nilicheka mpaka yule kijana akanipa maji. Halafu nikaenda kukaa nje ukutani, na pale si kucheka tena. Tangu saa tisa ya usiku nimesimama nawakaangia, na kumbe sahani zangu zimewafaa kuliko walivyodhani. Naomba msinipe pole, mie si mtu wa pole. Nataka Mzee Karani aniambie: ile saini inatosha kuitwa kushirikishwa?

---

KaraniMstaafu (Jumamosi, saa 1:10 asubuhi)

Bi Mkungu, haitoshi, na nitakwambia kwa nini kwa lugha ya ofisi ili uwaambie hivyo hivyo. Karatasi ya mahudhurio inasema nani alikuwa ndani ya chumba. Haisemi aliulizwa nini wala alijibu nini. Kushirikishwa kunakuwa na tarehe yake, mahali pake, walioitwa, na waliyoyasema. Kama hakuna karatasi hiyo kwenye ripoti ya kamati, basi mstari ule wa tatu hauna miguu. Mukhtasari ukiletwa kuthibitishwa, diwani wenu ana haki ya kusimama akasema mstari huu urekebishwe. Ndiyo kazi ya kuthibitisha, ingawa watu wengi huitumia kunywea chai.

Na nikiri jambo. Safu ile ya WANANCHI naijua. Tulikuwa tukiulizwa na wakubwa kila robo mwaka, wananchi wangapi wamehudhuria vikao, na vikao vyetu kama unavyojua mwananchi haji, kwanza hajui siku, pili ana shamba lake. Safu ikibaki tupu inaleta masuala. Kwa hiyo aliyeingia na chupa ya chai alitia saini, aliyekuja kutengeneza feni alitia saini. Mwaka mmoja fundi wa feni alihudhuria vikao vyetu vyote vinne. Nilimwandika mwenyewe, kwa mkono huu. Hatukuwa na nia mbaya, wala sikuwahi kufikiri kwamba siku moja jina lake lingeweza kumhamisha mtu.

---

JiraniWaKituo (Jumamosi, saa 4:00 asubuhi)

Jana Ijumaa nimepita, mtaro umefukuliwa. Mama kapita juu, hakushuka barabarani. Kaniambia yule wa kachori kamsalimia kwa jina la marehemu bibi yangu, kumbe mlikuwa mnajuana Kojani.

Bi, barua ikihitaji saini ya mpita njia, mie nipo.

---

MwanaNgambo (Jumamosi, saa 6:45 mchana)

Gari je? Wamejibu zitasimama wapi?

---

BiMkungu (Jumapili, saa 4:20 usiku)

Gari hawajajibu. Diwani kasema limerudishwa kamati, na siku 14 zimesimamishwa mpaka kikao maalumu, Alhamisi ijayo. Mdomo wake mwenyewe, gari ya kipaza sauti kwa hilo haijapita. Safari hii naingia nikakae mpaka mwisho. Mzee Karani kanifahamisha kwamba kusema lazima mwenyekiti aniruhusu, ila kukaa na kusikiliza sihitaji ruhusa ya mtu. Binti atashika karai.

Jengine. Leo mchana kaja yule kijana wa ofisi. Kaniagiza kachori 100 za Alhamisi. Nimemwambia oda nimeipokea, ila alete kwanza pesa za zile 60 na sambusa 40, na za hizi nusu mbele. Katoa simu, kanilipa za mwanzo pale pale, ujumbe umeingia. Nikamwambia vizuri, na Alhamisi nikifika mlangoni kwenye ile karatasi yako, mie natia saini wapi, kwa wananchi au kwa chai?

Kasema atakwenda kuuliza.